Cheo Kimoja cha Mzee Kui

*Kijiji cha Bonde la Wei. Mwezi wa Kumi, baridi inaanza, mwaka wa sita tangu dunia yote iwe ya Qin.*

Kwa mwanangu Deng, mpiga upinde, ngome ya kaskazini.

Mimi baba yako Kui nina miaka hamsini na minane. Nimezika wafalme watatu, farasi wawili, kaka zangu wote na meno yangu ya upande wa kulia. Zile falme sita zilizokuwa zikitutisha sisi watu wa Qin nilipokuwa kijana zimekufa zote, mimi nipo. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Karani wa kijiji alikuja na brashi yake akitaka kunisaidia, nikamwambia toka hapa, mimi nimesoma kwenye vyuma. Unajua kila mkuki wa Qin umechongwa jina la aliyeufua na la msimamizi wake, ili ukivunjika ajulikane wa kuchapwa. Basi mimi kwenye zamu sikuwa na kazi, nilikuwa nasoma mikuki. Ukiona maandishi yangu yana pembe kali, ndiko yalikotoka.

Sasa sikia. Najua uko kwenye theluji, na kijana akishikwa na baridi hudhani ameonewa. Hujaonewa. Sisi tulipokwenda vita vya ufalme wa Chu, jeshi lilikuwa refu hivi: wa mbele wanakula chakula cha jioni, sisi wa nyuma bado hatujatoka kambini. Tulifika kwenye kijito tukanywa, waliotufuata wakakuta matope. Ngoma ikipigwa, watu wote hao mguu mmoja. Kengele ikilia, kimya, hata mwenye chafya anaimeza. Na kifyatulio cha upinde wako kikivunjika, unachukua cha maiti aliye kando yako, kinaingia pale pale kama kilizaliwa humo. Watu wa Chu walipigana vizuri, sikatai, lakini kila mmoja alikuja na upinde wa babu yake. Utashindana vipi na nchi ambayo pinde zake zote ni pacha?

Ndiko nilikompata yule adui wangu mwenye deraya, vazi la vita la chuma mwili mzima, nikarudi na kichwa chake. Nikapewa cheo, shamba na kiwanja. Na kwa sheria kaburi langu litapandwa msonobari mmoja, wakati la Pang hapa jirani litaota majani ya mbuzi. Mche nimeshauchagua.

Nakutumia koti la baridi. Mama yako hajambo, kazi zimemzidi, anakusalimu.

Baba yako,
Kui, mwenye cheo

*

*Ngome ya Kaskazini. Mwezi wa Kumi na Mbili.*

Shikamoo Baba.

Koti limefika. Mkono wa kushoto unaishia kwenye kiwiko, wa kulia unafika gotini. Wenzangu wamecheka mpaka mkuu wa kikosi akaja kuuliza kama kuna mlevi. Huo, yule kijana wa Shu ninayelala naye hema moja, aliniambia, "Kaka, baba yako ana mtoto mwingine, koti hili ni lake." Lakini lina joto, nalivaa, na wakati wa usiku mkono ule mrefu nauzungushia shingoni.

Nina habari. Tulipowasukuma adui, wale watu wa farasi wa nyika za kaskazini, kuelekea mtoni, mmoja alianguka mbele yangu na deraya yake yote. Kichwa kilihesabiwa, wakuu watatu wakakitazama, na sasa mimi pia nina cheo kimoja. Nilidhani nitaona fahari. Nilichoona ni jeshi, Baba. Ulinisimulia tangu sijaota meno nikawa nadhani unaongeza chumvi. Nilisimama juu ya kilima na moto wa ishara ukawashwa, ukajibiwa na kilima cha pili, na cha tatu, na kabla sijamaliza kufunga kamba ya kiatu, moto ulikuwa umekwenda mbali kuliko farasi anavyoweza kukimbia kwa siku. Watu laki tatu waligeuka pamoja.

Sasa niambie ukweli. Nani ameshona koti hili? Mama tangu lini akashona mkono mmoja mfupi? Yule hata soksi akikosea kidogo huifumua.

Mwanao,
Deng

*

*Bonde la Wei. Mwezi wa Kwanza.*

Kwa mwanangu Deng mwenye cheo!

Nimezunguka kijiji kizima na barua yako. Wasiojua kusoma niliwasomea mara mbili. Nyumba yenye vyeo viwili! Mkuu wa kijiji aliniamkia, nikajifanya sijamwona ili aniamkie tena.

Kuhusu koti. Nimelishona mimi. Mkono uliopigana vita vya Chu utashindwaje na sindano? Na huo mkono mrefu ni wa makusudi, si umesema mwenyewe unakupa joto shingoni? Mwambie huyo Huo wa Shu akae na koti lake lenye mikono sawa agande.

Mama yako yuko mji wa wilaya. Walikuwa wanatafuta mikono mizuri ya kushona nguo za jeshi, na wewe unaujua mkono wake. Wakamchukua. Anakaa huko huko, anakula huko huko. Mimi hapa napika mwenyewe na napika vizuri.

Usiulize sana. Linda mguu wako na kamba ya upinde wako, vyote viwe vikavu.

Baba yako,
Kui

*

*Ngome ya Kaskazini. Mwezi wa Pili.*

Baba,

Pang jirani yetu amefika. Ameletwa na askari wapya. Alikuja mwenyewe kunitafuta, akasimama mbele ya hema na theluji mabegani, akasema, "Deng, kabla hujasikia kwa mtu mwingine, mimi ndiye niliyemshtaki mama yako."

Nikamwambia, "Mjomba Pang, umechoka na safari. Kaa ule."

"Sili. Nisikilize kwanza."

Akaniambia yote. Yule mtu aliyetoroka machimbo ya serikali, miguu imeoza, na Mama akampa uji na kumlaza kwenye kibanda cha viwavi wa hariri. Wewe ulikuwa mjini, unasimulia Chu. Pang akaona moshi kwenye kibanda kisichopikwa. "Nyumba zetu tano ni shingo moja, mwanangu," akasema. "Mmoja akificha, watano wanabeba. Ningenyamaza, sasa hivi mabinti zangu wanatwanga mtama wa serikali. Wewe ungefanyaje?"

Nilimpa uji, akala huku analia. Na sikiliza jinsi nchi hii ilivyo, Baba: mtu wa tano wa kundi letu la watano alikufa kwa homa, na nafasi yake amepewa Pang. Nikikimbia vitani, atakayeadhibiwa ni yeye. Akikimbia yeye, ni mimi. Hakuna aliyetupanga hivyo kwa hila, karani alihesabu tu kutoka juu kwenda chini. Nalala mgongo kwa mgongo na mtu aliyempeleka mama yangu utumwani, na hakuna mtu duniani anayeilinda roho yangu kuliko yeye.

Kwa hiyo Mama hashoni kwa sababu ya mkono mzuri. Ni mjakazi wa serikali. Na wewe uliniandikia anakula huko huko!

Nimeuliza sheria. Mtoto mwenye vyeo viwili anaweza kuvirudisha, mama yake akatolewa. Ninacho kimoja. Barafu ya mto ikianza kupasuka, kikosi cha mbele kitavuka kwanza, na wanaotaka wataandikisha majina. Kule mbele vichwa havikosekani. Nitaandikisha langu.

Usinikataze.

Deng

*

*Bonde la Wei. Mwezi wa Tatu.*

Deng! We mtoto!

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaitupa chini nikaiokota. Kikosi cha mbele! Unajua kikosi cha mbele ni nini? Mimi nilikuwa Chu. Kikosi cha mbele kilivuka asubuhi, na mchana viatu vyao vilikuwa vinaelea vyenyewe. Na ukienda wewe wanakwenda watano, maana watano hawatenganishwi. Umemuuliza huyo Huo kama anataka kufa kwa ajili ya mama yako?

Pang usimguse. Angekuwa mke wake na moshi nikauona mimi, ningeshtaki kabla moshi haujapinda. Sheria inayomwacha mmoja kwa huruma kesho inawaacha kumi, na keshokutwa ni Chu.

Umeniona mwongo, sawa. Mama yako mwenyewe ndiye aliyesema usiambiwe. Na mimi kumtoa aliniambia nisithubutu, kwa sababu zake za kike.

Lakini barua yako ilipofika, asubuhi yake nilivaa viatu nikaenda wilayani. Sheria ni hii: mtu aliyepata cheo kwa kichwa cha adui, si kwa kununua, anaweza kukirudisha na mke wake akaachiwa. Nikamkuta karani mdogo, hata ndevu hana.

"Jina?"

"Kui."

"Kui yupi?"

"Kui aliyekuwa Chu."

"Mzee, nusu ya wilaya hii ilikuwa Chu."

Akauliza, "Cheo ulikipataje?"

"Kwa kichwa."

"Cha nani?"

"Hakunitajia jina, tulikuwa na haraka."

Hakucheka. Akainuka, akaenda kwenye rafu zinazofika darini, akavuta furushi moja la vibao vya mti kati ya mafurushi na mafurushi, na humo mwanangu, humo nilikuwemo! Mwaka, kikosi, jina langu, kichwa kimoja, deraya ya ngozi, wakuu watatu waliotazama. Mtu niliyemuua kwenye matope, mvua inanyesha, mbali na nyumbani mwendo wa mwezi mzima, alikuwa ananingoja kwenye rafu ya wilaya yangu miaka yote hiyo. Nilidhani mimi ndiye pekee ninayeikumbuka siku ile. Kumbe Qin nayo inaikumbuka, na inaikumbuka vizuri kuliko mimi, maana mimi nilikuwa nasimulia deraya ya chuma.

Akachukua kisu kidogo akalikwangua jina langu. Nilitegemea wataita mkuu wa wilaya, au wapige hata kengele. Alipuliza vumbi la mti tu, akasema, "Anayefuata."

Jua halijafika utosini mama yako akatolewa mlango wa nyuma. Hakuna aliyechelewesha, hakuna aliyetaka kuku. Mkono uliomchukua kwa siku moja ulimrudisha kwa siku moja. Amekonda, vidole vimejaa matundu ya sindano. Neno lake la kwanza: "Mjinga wewe, si nilikukataza?"

Yuko nyumbani. Ametoka. Sasa huna sababu. Ondoa jina lako. Barua hii nimempa mtu wa farasi, nimempa na mkanda wangu wa shaba ili akimbie. Usiende mtoni!

Baba yako,
Kui

*

*Ngome ya Kaskazini. Mwezi wa Tano.*

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama, mama yangu uliye nyumbani.

Barua ilinikuta narudi kutoka mtoni. Baba, wewe mwenyewe unajua, jina likishaandikwa kikosi cha mbele halitoki.

Niliwauliza wenzangu kwanza. Huo alisema, "Mama yangu alikufa sijamjua. Twende tukamchukue wa kwako." Pang alikuwa ameshaanza kunoa.

Tulivuka barafu inalia chini ya miguu. Nyuma yetu walikuwa wapiga pinde, safu juu ya safu, safu ya kwanza inafyatua, ya pili inalenga, ya tatu inavuta, bila kupumzika. Mishale ilipita juu ya vichwa vyetu kwa sauti kama kitambaa kinachochanwa kisichokwisha. Ng'ambo palikuwa na wapanda farasi wanaoogopwa na dunia nzima. Tulipofika ukingoni hapakuwa na vita, Baba. Palikuwa na watu wachache waliobaki wamesimama wamepigwa na bumbuwazi, na farasi wasio na wenyewe. Niliona huruma na nikaona fahari, vyote viwili, sikujua kipi kitangulie.

Aliyenijia alikuwa na shoka. Alinikata vidole viwili vya mkono wa kushoto nami nikammaliza. Barafu ikapasuka, nikazama hadi kifuani. Aliyenivuta ni Pang. Alinishika kwa ule mkono mrefu wa koti. Huo yuko mzima, amepata jino la farasi, analivaa.

Kwa hiyo nina vyeo viwili sasa. Vyeo viwili, na Mama ameshatoka! Nimekaa navyo kama mtu aliyenunua jeneza mgonjwa akapona. Pumzika, Baba. Umefanya. Kaa juani, wasimulie watoto wa watu.

Deng

*

*Bonde la Wei. Mwezi wa Sita.*

Mwanangu Deng,

Ananiandikia karani wa kijiji, yule aliyefukuzwa na baba yako. Ni kijana mzuri, hana kinyongo.

Umeniambia vidole viwili. Nimevilia, nimemaliza. Mke wa Pang nimemwambia mumewe amekutoa majini. Alikuwa hapiti mbele ya mlango wangu tangu siku ile. Sasa tunachota maji pamoja, hatuongei sana.

Baba yako alinikataza nisikwambie haya. Aliniagiza niseme ameitwa kwenda kuwafundisha vijana. Mimi nimechoka kufichwa na kuficha. Sikiliza. Mwenye cheo hupumzishwa kazi za serikali akifika hamsini na sita. Asiye na cheo ni mpaka sitini. Baba yako alikuwa amepumzika miaka miwili. Siku alipokwanguliwa jina kule wilayani, alirudi kuwa mtu wa kawaida wa miaka hamsini na minane, mwenye deni la mgongo wake kwa serikali.

Hizo ndizo sababu zangu za kike. Alikuwa anakuja nje ya ukuta wa nyumba ya kushonea tunaongea kwenye ufa. Nilimwambia, "Kui, mimi nashona nimekaa. Wewe utabeba udongo umesimama. Niache." Akawa anakubali, anaondoka, kesho anarudi na magimbi. Mpaka barua yako ya mtoni ilipokuja. Jioni ile hakula, na hakujisifu kwa lolote. Nilipoambiwa na watu kwamba amekaa jioni nzima bila kujisifu, nilijua imekwisha.

Walimjia mwezi wa tano. Yuko barabara mpya ya kaskazini, kwenye kujaza udongo mabonde. Aliondoka anawaonyesha askari waliomchukua namna ya kushika mikuki yao. Wakamwonyesha namna ya kushika kikapu.

Kama unaweza kufanya jambo, lifanye. Kama huwezi, mwandikie. Anapenda kuandikiwa.

Mama yako

*

*Ngome ya Kaskazini. Mwezi wa Saba.*

Shikamoo, mwalimu wa vijana.

Mama ameniambia. Umenidanganya mara mbili mwaka huu na mara zote mbili nimekuja kujua. Uongo huuwezi, Baba. Kaa kwenye kujisifu, ndiko kipaji chako kilipo.

Niliposoma nilikwenda kwa karani wa ngome moja kwa moja, na vyeo vyangu vyote viwili. Nikamwambia, "Nataka kumtoa baba yangu."

"Kosa lake?"

"Hana kosa. Yuko kwenye kazi ya barabara."

"Basi hatoki."

"Sheria inasema mtoto akirudisha vyeo viwili mzazi anaachiwa."

"Mzazi mtumwa wa serikali, aliyehukumiwa. Baba yako hajahukumiwa. Anatimiza wajibu wake kama raia mwema. Nitamtoaje mtu kwenye wema?"

Nikamwangalia kama ananitania. Alikuwa anasikitika kweli, akanisomea kifungu chote, akakisoma tena taratibu. Hakuna tundu hata la kupitisha uzi. Nilitoka nje nikakaa chini nikacheka, Baba, nikacheka hadi Huo akaja na maji. Nimeua watu wawili kwa ajili ya sheria hii, na ingekusikiliza laiti ungekuwa mwizi. Pang anasema uibe kuku. Anasema awe kuku mdogo.

Sasa habari kubwa. Tunahamishwa kwenda magharibi. Jeshi zima litashuka kwa barabara hiyo hiyo unayoijenga, kati ya mwezi huu na ujao. Nimeuliza, tutapita kwenye bonde lako mchana. Mimi niko safu ya nje, upande wa kushoto. Kaa karibu na ukingo wa barabara, nitakutafuta kwa macho. Kusimama hatutaruhusiwa, lakini macho hayana amri. Ni miaka mitatu sijakuona.

Deng

*

*Barabara ya Kaskazini, bonde la tatu. Mwezi wa Nane.*

Kwa mwanangu Deng mwenye vyeo viwili.

Mwambie Pang simwibii mtu kuku. Nimefikisha umri huu bila kosa hata moja kwenye rafu zao, nianze leo kwa kuku? Miaka miwili tu, na nusu yake nitaimaliza kwa kusimulia. Halafu mgongo wangu ni mzima. Wamenifanya mkuu wa watu watano wiki ya kwanza tu, maana walinisikia nikisema, na kazi yangu wakaiona. Watano wangu ni hawa: mimi mwenyewe, Fei mwenye sikio moja, ndugu wawili kutoka Zhao wasiozungumza, na Lu. Huyu Lu ni mtu wa Chu. Tumekaa tukapimana, tukakuta tulikuwa mto mmoja siku moja, ukingo huu na ule. Nikamwambia, "Pengine nilikukosa kidogo tu." Akasema, "Wewe? Nyinyi wapiga mikuki mlikuwa nyuma mnakunywa matope." Ananifaa sana.

Sasa siku ile. Asubuhi msimamizi wetu Mu alitupanga ukingoni, tukaambiwa sheria: bendera ya Mfalme ikipita na jeshi, mbeba udongo analala kifudifudi, paji la uso chini, mpaka mkia wa jeshi upite. Mmoja akiinua kichwa, watano wanakatwa miguu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mtama.

Nilikuwa mahali uliponiambia. Ukingoni, upande wa kushoto kwako. Nilikuwa nimeoga.

Kwanza kikapu changu kilianza kutingishika peke yake. Halafu mawe madogo. Tukalala. Deng, nimelisimulia jeshi hili miaka na miaka, na nakwambia nilikuwa sijawahi kulijua. Aliye ndani yake anaona kisogo cha mwenzake na kamba ya kiatu chake mwenyewe. Ardhi niliyoishindilia kwa mikono yangu, iliyokuwa ngumu kama tofali, ilikuwa inapiga kwenye paji la uso wangu kama moyo wa mnyama. Mguu mmoja, mguu mmoja, mguu mmoja. Halafu magari ya vita ya farasi, magurudumu yote upana mmoja, yakapita kwenye njia zake kama maji mferejini. Hakuna aliyekohoa. Jua likasogea kutoka kisogoni hadi mgongoni na bado wanapita. Nikawaza: hawa ndio waliokwenda kwa watu wa Chu. Hiki ndicho Lu alichokisikia amelala ng'ambo, na bado akasimama akapigana! Nikageuza jicho nikamwona Lu kando yangu, machozi yanalowesha udongo, na sikujua kama ni chuki ama ni kitu kingine, maana na mimi yalikuwa yananitoka.

Fei aliguna, akaanza kunyanyua shingo. Nilimkandamiza kisogo kwa kiganja mpaka akala mchanga.

Halafu katikati ya vile viatu nikasikia mtu anakohoa. Mara moja. Jeshi zima halikohoi, huyu akakohoa, karibu kabisa na kichwa changu. Kilikuwa kikohozi cha mtu asiye na kikohozi. Nikajua. Kila mfupa wa shingo yangu ulijua. Viatu vyako vilikuwa mkono mmoja kutoka kwenye uso wangu, na ningegeuza kichwa kiasi cha punje ningekuona, na hapo hapo nilikuwa nimekishika kichwa cha Fei, na ndugu wa Zhao walikuwa wananisikiliza ninavyopumua ili wajue wafanye nini.

Nilibaki chini. Ukapita. Waliokufuata nao wakapita, wakapita, jioni ikaingia wanapita.

Kwa hiyo wewe umeniona, mimi sijakuona. Niandikie nilikuwaje. Usimwambie mama yako kama nimekonda.

Na wakitokea wa kubisha kwamba Kui alilala pale na mwanawe anapita asitikisike, wakamuulize Fei, ambaye bado anatema mchanga na ananilaani. Wamuulize Lu wa Chu, hana sababu ya kunisifu. Wamuulize msimamizi Mu, aliyekuwa ananitazama mimi peke yangu maana alishasikia nina mtoto jeshini. Na wamuulize mama yako. Yeye hakuwepo, lakini wamuulize tu kama mume wake aliwahi, tangu amjue, kunyamaza na kuinamisha kichwa mbele ya mtu yeyote. Atawaambia haiwezekani. Basi hapo ndipo watakapojua ukubwa wa lile jeshi.

Baba yako,
Kui